Bolti Mia Tatu na Ishirini

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimepewa na bosi wangu mpya niandikie vipimo. Vipimo nimeshaviandika kwenye fomu, kwa hiyo daftari limebaki tupu na mimi nina mambo ya kusema.

Miaka ishirini na miwili nimesimama kwenye mashine ya kugonga vichwa vya bolti. Waya mnene unaingia upande mmoja, unakatwa kipande, kipande kinagongwa mara tatu kikiwa baridi, na upande wa pili inaanguka bolti yenye kichwa cha pembe sita. Mapigo sitini kwa dakika. Ndiyo maana kiwandani naitwa Nyundo, na ndiyo maana daktari wa masikio ameandika barua kwamba mwaka mmoja zaidi pale na sitasikia tena mtu akiniita hata hilo jina.

Leo nimehamishiwa chumba cha majaribio. Bosi wangu ana miaka ishirini na tisa, mwanamke mwembamba mwenye miwani, mwanangu wa kwanza ni mkubwa kwake. Watu wanamwita Mwalimu, wala si kwa sifa. Ni kwa sababu haachi kuuliza maswali. Amenipokea vizuri, akanionyesha kiti. Sikukaa. Sijawahi kufanya kazi nimekaa.

Jumatano, 5 Machi

Nimekaa. Mgongo ulinishinda.

Jumatatu, 10 Machi

Leo Mwalimu ameniuliza namba zilizo kwenye kichwa cha bolti zina maana gani. Nikacheka kidogo. Nimezigonga namba hizo mwenyewe, nane nukta nane, kumi nukta tisa, mamilioni ya vichwa.

"Nguvu yake," nikamwambia.

"Namba ya kwanza, ndiyo. Ya pili je, mzee?"

Nikasema labda ni namba ya kiwanda. Hakucheka. Alichukua bolti ya nane nukta nane, akaifunga kwenye mashine ya kuvuta, akaniita nitazame. Nane ya kwanza inasema kila milimita ya mraba ya chuma hiki inabeba kilo themanini kabla ya kukatika. Nane ya pili inasema ukifika asilimia themanini ya mzigo huo, bolti inaanza kuvutika na hairudi tena ilivyokuwa. Mshale ukapanda, ukapunguza mwendo, na kiuno cha bolti kikakonda mbele ya macho yangu kama lami iliyopata jua. Kisha pa, ikakatika.

"Imeomba radhi kwanza," Mwalimu akasema. "Bolti nzuri inavutika kabla ya kufa, watu wapate kuona."

Miaka ishirini na miwili. Nilikuwa naandika barua nisiyojua kuisoma. Nilirudi nyumbani na hasira, nikamwambia mke wangu kwamba yule binti anajifanya anajua sana. Mke wangu akauliza, "Kwani hajui?" Nikaenda kuoga.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua zimeanza. Bati la kiwanda linavuja mahali pale pale pa mwaka jana, kwenye kona ya oveni. Wameweka ndoo.

Alhamisi, 20 Machi

Nati nazo zina namba, moja tu. Bolti ya kumi nukta tisa inataka nati ya kumi. Mwalimu ameniuliza: bolti na nati zikizidiwa na mzigo, nani afe kwanza? Nikasema nati, ni rahisi kuibadilisha. Akatikisa kichwa. Bolti ikikatika, kila mtu anaona. Nati ikiliwa meno kwa ndani, inabaki imekaa mahali pake kama mlinzi aliyelala, na hakuna anayejua. Kwa hiyo nati lazima iwe ngumu vya kutosha bolti itangulie.

Nilimsimulia mke wangu. Akasema basi katika nyumba hii yeye ndiye nati, maana mimi kila kitu changu kinaonekana usoni. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Kitu kingine. Kila mzigo wa bolti ngumu unapotoka, Mwalimu anachukua moja, anaikaza kwa nguvu kwenye pande la chuma, anaiweka rafuni na kuiacha hapo siku kadhaa. Haifanyi chochote. Inakaa tu. Nilimuuliza inasubiri nini, akaanza kunieleza, simu ikalia, akaenda. Kwangu naona ni kupenda mambo tu. Bolti ikishapita kwenye mashine ya kuvuta imepita.

Ijumaa, 28 Machi

Shemeji amekuja kutusalimia, mdogo wake mke wangu. Yeye ni kiongozi wa mafundi wa chuma, na sasa wanajenga daraja la waenda kwa miguu juu ya mto, kule ambako mvua zikikolea watoto wa shule huzunguka saa nzima kutafuta pa kuvukia. Amesema bolti wataagiza kwetu.

"Daraja gani la nguvu?" nikamuuliza.

"Daraja la watu, shemeji. La magari liko kule juu."

"Nakuuliza bolti."

Mke wangu ilimbidi aweke sahani chini, vile alivyocheka. Ni kumi nukta tisa, unene milimita ishirini, mia tatu na ishirini. Na wanataka zipakwe zinki zisishike kutu, maana pale mtoni unyevu hauishi.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Zile bolti zimegongwa vichwa leo. Nilipita kwenye mashine yangu ya zamani kuzitazama. Aliyenirithi anafanya vizuri. Iliniuma kidogo.

Jumamosi, 5 Aprili

Meno yamepigwa jana. Watu wengi hudhani tunayakata. Hatukati. Bolti inaviringishwa kati ya sahani mbili zenye mistari, chuma kinabanwa na kujipanga chenyewe, ndiyo maana meno yake yana nguvu kuliko ya kukatwa. Leo zimepita kwenye tanuru kubwa, zimewiva nyekundu, zikatumbukizwa kwenye mafuta, zikarudishwa kwenye moto mdogo zipunguze ukali.

Mwalimu ameaga. Mama yake anafanyiwa upasuaji Jumatatu, mji wa mbali. Ameniachia ufunguo wa kabati na karatasi ya hatua kumi na moja, imeandikwa kwa mwandiko wa shule. Saini yake ya kuruhusu mzigo utoke ameniachia mimi, kwa barua, meneja ameidhinisha. "Fuata karatasi tu, mzee," akasema. Nilimtakia mama yake afya. Moyoni nilifurahi kubaki peke yangu.

Jumanne, 8 Aprili

Bolti za shemeji zimepakwa zinki asubuhi. Zinang'aa kama vijiko vipya.

Nilivuta tatu. Zinatakiwa kufika tani ishirini na sita, zikafika thelathini. Nikapima ugumu kwa ncha ya almasi, thelathini na tisa, na mpaka wa juu kabisa ni thelathini na tisa. Nilijisikia vizuri kana kwamba nimezizaa mimi. Nguvu zaidi ya ilivyoombwa.

Hatua ya tisa kwenye karatasi inasema baada ya zinki, kabla ya muda wa saa nne kupita, bolti ziingie kwenye oveni ya digrii mia mbili, zikae mpaka kesho yake. Oveni hiyo sisi tunaiita jiko la mikate. Leo jiko la mikate limekufa. Maji ya lile bati yameingia kwenye sanduku la umeme, likatoa moshi, basi. Fundi umeme kasema siku tatu.

Saa nane mchana Msimamizi akaja, lori likiwa limeshawashwa. Tuliajiriwa mwaka mmoja mimi na yeye, tumekula benchi moja. Akasema mafundi wa daraja wamesimama, mto unapanda, wanataka kufunga kabla maji hayajafika kwenye nguzo za muda.

"Nyundo, zimepita au hazijapita?"

"Zimepita mashine zote. Imebaki oveni."

"Oveni ni ya kukausha tu. Chuma kimekauka, si unaona?"

Nilitazama chuma. Kilikuwa kikavu. Nilitazama karatasi. Ilisema ziingie, haikusema kwa nini. Nikawaza, yule binti na mambo yake. Nikasaini.

Kwa mazoea tu nilichukua moja, nikaikaza kwenye pande la chuma kama afanyavyo yeye, nikaiweka rafuni. Sijui kwa nini. Labda sikutaka arudi aone rafu tupu.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Shemeji amepiga simu kwa dada yake, anasema bolti zetu zimeingia kama zimepakwa siagi, wamekaza zote.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimefika nyumbani sasa hivi, naandika.

Saa nne asubuhi nilikuwa nasafisha ile ncha ya almasi. Kitu kikapiga mlango wa kabati nyuma yangu. Masikio yangu ni haya haya, lakini hicho nilikisikia. Nikageuka. Hakuna mtu. Chini ya kabati kulikuwa na kichwa cha bolti, na mlangoni kidonda kipya kwenye rangi. Rafuni ile bolti ilikuwa imebaki mwili tu ndani ya pande la chuma.

Hakuna aliyeigusa. Imekaa siku mbili kimya, kisha ikajikata yenyewe.

Nilichukua kile kichwa nikakipeleka dirishani. Bolti zote nilizozivuta na Mwalimu zilikatika zikiwa zimekonda kiuno kwanza. Hii haikukonda hata kidogo. Palipokatika palikuwa na chembechembe zinazometa, kama sukari. Haikuomba radhi.

Nilimpigia Mwalimu. Alikuwa kwenye korido ya hospitali, nasikia viatu vinapita. Nikamweleza. Hakuuliza nani kafanya. Aliuliza, "Zilikaa oveni kwa muda wa saa ngapi?"

Nikasema, "Hazikukaa."

Akazungumza polepole ili nisikie kila neno. Asidi ya kusafishia na bafu la zinki vinaingiza gesi ndani ya chuma, haidrojeni. Kwenye chuma laini haina madhara makubwa. Kwenye chuma kigumu, na kadiri kinavyozidi ugumu ndivyo inavyokuwa mbaya, inakaa ndani. Oveni ndiyo inayoitoa. Isipotolewa, bolti ikikazwa gesi inajikusanya pale penye mkazo, na baada ya saa au siku chuma kinapasuka. Mashine ya kuvuta haiwezi kuiona kwa sababu mashine inavuta dakika mbili tu.

"Zile thelathini na tisa zako," akasema, "hazikuwa habari njema, mzee. Sasa sikiliza. Watu watoke chini ya daraja. Asiguse mtu spana, vichwa vinaruka. Nenda mwenyewe."

Simu ya shemeji ilikuwa imezimwa. Mtu akiwa juu ya chuma kwenye mvua huiacha simu kwenye kibanda. Nilikwenda kwa Msimamizi na kile kichwa mkononi. Alikigeuza mara mbili. Akasema bolti moja si mia tatu na ishirini, tumsubiri Tajiri, mwenye kiwanda, arudi mchana, tukisimamisha kazi ya watu kwa bolti moja mbovu tutachekwa. Nikamwambia naenda. Akasema nikitoka getini bila ruhusa ataandika. Nikamwambia aandike.

Pikipiki ya kukodi, mvua ya usoni, dakika arobaini. Nilikuwa nimekishika kichwa cha bolti kwa nguvu hata pembe zake zikaacha alama kiganjani. Nilikuwa nawaza mke wangu. Nitamwambia nini kuhusu mdogo wake.

Nilipofika, daraja lilikuwa limekamilika. Zuri, jembamba, limepita juu ya maji ya udongo. Chini yake bado kulikuwa na nguzo za muda na jeki, na mafundi sita walikuwa chini huko wamejipanga, kila mmoja na jeki yake. Walikuwa wanataka kuzishusha, ili kwa mara ya kwanza daraja lisimame lenyewe kwa bolti zake.

Nilipiga kelele. Mvua ikala sauti yangu. Nikateremka kwenye tope kwa makalio, nikamfikia shemeji, nikamshika koti.

"Watoe watu."

Alisema kitu. Sikusikia. Nilimtazama midomo. Alikuwa anauliza kuna nini, dada yuko salama?

"Dada mzima. Bolti zitakatika. Watoe watu kwanza, nitakueleza juu."

"Shemeji, nimezikaza mwenyewe jana, kwa spana ya kipimo. Zote ziko imara."

"Jana zilikuwa imara. Hata hii jana ilikuwa imara." Nikamwekea kichwa kile mkononi. "Hii imekaa rafuni, haikubeba mtu wala upepo. Imejikata yenyewe saa nne leo."

Alikitazama. Shemeji yangu ni mtu wa utani, hata msibani atatafuta la kuchekesha. Niliuona uso wake ukibadilika, ukawa uso wa mtu anayehesabu watu wake. Aliwapungia mkono watoke. Wakatoka wote sita, wananung'unika, mmoja akiuliza kama mzee huyu ni mkaguzi wa serikali.

Tulipofika ukingoni, yule aliyenung'unika zaidi akainama akaokota kitu kwenye tope. Kichwa cha bolti. Akaokota kingine hatua tatu mbele. Kisha wote wakawa wanatazama kwenye kiungo cha chini, upande wa maji, na tukahesabu matundu. Bolti nne hazikuwa na vichwa. Hakuna aliyezisikia zikikatika kwa sababu ya mvua.

Shemeji alikaa chini kwenye tope. Mimi pia nikakaa. Baadaye akanishika bega, akaniambia sikioni, "Wale sita wote wana watoto." Nikamwambia najua. Sikuwa nawafahamu. Lakini nilijua.

Nguzo za muda zimebaki. Daraja limefungwa kamba pande zote. Mungu nakushukuru. Sina sentensi nyingine.

Ijumaa, 11 Aprili

Mwalimu amerudi kwa basi la asubuhi, mama yake ametoka salama chumba cha upasuaji, dada yake amebaki naye. Aliingia na begi bado mgongoni. Nilisimama. Nilikuwa nimeandaa maneno usiku kucha, nikasema moja tu: "Nilisaini."

"Nimeona," akasema.

Aliketi akaitazama ile karatasi yake ya hatua kumi na moja kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nilikuachia amri, sikukuachia sababu. Mtu wa miaka ishirini na miwili kazini hafuati amri isiyo na sababu. Mimi pia nisingeifuata."

Nikamwambia asinibebee. Sababu alianza kunieleza siku ile ya simu, na mimi sikumrudia kuuliza kwa sababu nilijiona mkubwa. Niliona aibu kuuliza mtoto.

Akavua miwani akaifuta. "Basi tugawane," akasema. Akaandika ripoti palepale. Jina langu lipo, na chini yake ameandika lake.

Mchana tuliitwa kwa Tajiri, wote watatu. Tajiri ni mtu wa maneno machache na leo aliyapunguza zaidi. Aliuliza nani aliamua lori liondoke. Nikamtazama Msimamizi. Msimamizi akatazama dirisha. Akasema saini ni ya chumba cha majaribio.

Ni kweli, ni saini yangu. Lakini benchi moja miaka ishirini na miwili.

Nimesimamishwa kusaini chochote mpaka itakapoamuliwa.

Jumamosi, 12 Aprili

Mke wangu amepika, amempigia mdogo wake aje, amewahi mlangoni kumpokea na amemshika mikono yote miwili kama mgonjwa. Kisha akanifuata jikoni. Nilidhani atanilaumu. Akasema, "Ulikosea Jumanne, ukaenda Alhamisi. Mimi naishi na wa Alhamisi." Akanipa kitunguu nikimenye.

Jumatatu, 14 Aprili

Sikutegemea kuandika haya.

Asubuhi Msimamizi alikuja chumba cha majaribio amelowa. Alikuwa ametoka darajani. Jana Jumapili alikwenda mwenyewe, bila kutumwa, akawasaidia mafundi kutoa bolti zote. Walijikinga nyuma ya mbao nene, wakalegeza moja baada ya nyingine. Zilizokatika mikononi mwao ni kumi na tisa. Ameleta zote kwa ndoo, kapanga sakafuni mistari ya ishirini ishirini apate kuhakikisha hakuna iliyobaki. Mia tatu na ishirini kamili, maana tatu nilizovuta na moja ya rafuni zilikuwa za ziada, kasoro vichwa viwili vilivyochukuliwa na mto.

"Nilipoona ile ya tatu inaruka," akasema, "nikakumbuka nilivyosema bolti moja."

Kisha akaenda kwa Tajiri peke yake. Sikuwepo, lakini katibu wa ofisi amenisimulia. Amesema: Nyundo aliniambia oveni imebaki, mimi ndiye niliyemwambia ni ya kukausha tu. Na alipotaka kwenda kuokoa watu nilimtishia.

Tajiri amempa barua ya onyo. Mimi pia nimepewa, inafanana na yake mpaka nukta. Mchana tulikula benchi moja. Hatukuzungumza habari hiyo. Alinisogezea chumvi.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua kubwa. Fundi wa paa amekuja hatimaye. Oveni imehamishiwa kona nyingine, mbali na bati lile.

Ijumaa, 25 Aprili

Bolti mpya zimetoka. Mwalimu alinipa kazi ya kuzifuata tangu waya. Nilisimama kwenye tanuru tukauongeza kidogo ule moto mdogo wa mwisho ili zisizidi ugumu, zikatoka thelathini na nne, nikafurahia thelathini na nne kuliko nilivyowahi kufurahia thelathini na tisa. Zinki haikupakwa kwenye bafu la umeme safari hii. Mwalimu amemshawishi mteja tutumie rangi yenye vipande vidogo vya zinki, isiyohitaji asidi wala bafu. Bolti zinasafishwa kwa kurushiwa chembe za chuma. Ni ghali zaidi. Tajiri alikubali kabla Mwalimu hajamaliza kueleza.

Hata hivyo tumekaza kumi kwenye mapande ya chuma. Zitakaa siku tisa.

Jumamosi, 26 Aprili

Zipo.

Jumatatu, 28 Aprili

Zipo zote kumi. Mwalimu amenikuta nimesimama mbele ya rafu asubuhi kabla sijavua koti. Akasema, "Nilidhani ni mimi tu nafanya hivyo."

Jumapili, 4 Mei

Nimekwenda kazini siku ya mapumziko. Mlinzi alinishangaa. Siku tisa zimetimia, zote kumi nzima. Nililegeza moja moja, nikazivuta kwenye mashine, zikakonda kiuno kama inavyotakiwa kisha zikakatika, tani ishirini na nane. Nimekaa kwenye kiti kile nikalia kidogo. Sioni haya kuliandika.

Jumanne, 6 Mei

Nimerudishiwa saini. Mwalimu ndiye aliyeiombea, nimeambiwa na Msimamizi. Nilikwenda kumshukuru, nikamwambia "Asante, Mwalimu," na kwa mara ya kwanza nikalisikia jina hilo likitoka mdomoni mwangu bila kejeli ndani yake. Sijui kama alitambua. Alisema, "Mzee, leo naomba unifundishe kitu. Mashine ya vichwa inapogonga mara ya pili, unajuaje kwamba kichwa kitapasuka? Vitabu vinasema huwezi kujua mpaka umalize."

Nikamwambia unajua, unaweka mkono kwenye fremu. Tukaenda. Nilimwekea kiganja chake pale panapotakiwa. Baada ya nusu saa aliusikia, ule mtetemo wa kukwaruza, akageuka kunitazama, nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, huo huo. Bolti iliyofuata ikatoka na ufa.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua zimepungua. Jeki zimeshushwa leo saa tano. Nilikuwepo, Mwalimu alikuwepo, Msimamizi pia. Daraja lilishuka milimita nne, kama shemeji alivyopiga hesabu, likatulia. Wamelirundikia mifuko ya mchanga itakayokaa juu yake siku mbili kulijaribu. Wale mafundi sita walikuja mmoja mmoja kunipa mkono. Yule aliyeniita mkaguzi wa serikali alitaka kusema kitu, ikamshinda, akanipa mkono mara ya pili.

Niliona haya. Wananishukuru kwa kuzima moto niliouwasha mwenyewe. Nilimwambia shemeji hivyo. Akasema, "Shemeji, wao wanajua ulisaini. Niliwaambia mimi siku ile ile. Wanakushukuru hivyo hivyo."

Jumamosi, 31 Mei

Anga safi. Nimekwenda na mke wangu kulitazama daraja, limefunguliwa tangu Jumatano.

Tulisimama katikati. Maji yamerudi chini na rangi yake ni ya maji. Mke wangu aliinama kwenye kiungo, akagusa bolti moja kwa kidole, akauliza hizi zangu ni zipi.

"Zote."

"Zote mia tatu na ishirini?"

"Zote. Za kwangu, za Mwalimu, za Msimamizi, za wale wa tanuru."

Wanafunzi wa masomo ya Jumamosi wakatoka shuleni, kundi zima, wakapita wakikimbia, daraja likatetemeka kidogo chini ya miguu yetu kama linavyotakiwa kutetemeka. Mama mmoja amebeba ndoo. Mzee na baiskeli yake. Mtu anazungumza na simu, hata mto hakuutazama. Nilisimama nikiwahesabu mpaka nikapoteza hesabu. Hakuna hata mmoja aliyeangalia chini kujua ameshikiliwa na nini.

Mke wangu akasema twende, jua kali. Tukavuka.